Muuza Ndoo Aliyeupanda Mkondo wa Kagera

Habari ilinikuta kibanjani, panga mkononi, nikipunguza majani makavu ya migomba kabla jua halijawa kali. Simu ikaita mfukoni. Alikuwa jirani wa yule mzee muuza ndoo, wa duka la pili pale Kayanga, mtu ambaye kwa kawaida haongei bila kutania, na asubuhi ile hakutania. "Mwandishi, Mswahili katutoka. Alfajiri, kitandani kwake, presha. Wanamzika leo hii baada ya alasiri, usije ukasema hukuambiwa." Nikamshukuru, nikakata simu, nikaketi juu ya mgomba niliokuwa nimeuangusha. Sasa nyinyi wasomaji wangu mnanijua, sina tabia ya kujipamba. Machozi yalikuja, lakini yalikuja ya pili. Kilichonitoka kwanza ni kicheko, peke yangu katikati ya shamba, hadi mke wangu akatoka jikoni kuuliza nimepatwa na nini. Nikamwambia yule mzee wa ndoo amefariki. Na yeye akaanza kutabasamu, maana alimjua. Hakuna mtu wilaya nzima ya Karagwe aliyemkumbuka mzee yule bila kwanza kutabasamu, na mimi sikuona sababu ya kuanza kununa kwa kuwa amekufa.

Jina lake silitaji. Safu hii haina desturi hiyo, na isitoshe hapa kwetu hakuna aliyelitumia. Aliitwa Mswahili, kama wanavyoitwa wafanyabiashara wengi wa Kiislamu wa mji wetu, hata wale wanaokisema Kinyambo vizuri kuliko sisi. Babu yake alikuja na biashara kutoka Pangani, akafungua duka, akaoa huku, akazikwa huku. Mjukuu alizaliwa nyuma ya duka hilohilo, akaota meno akila ndizi, na kazi yake ya maisha ilikuwa kuuza ndoo, mabeseni, misumari na miche ya sabuni. Lakini watu wetu wakishakutia kwenye fungu lako hawakutoi. Kwa sababu babu alitoka pwani, mjukuu alihesabiwa kuwa mtu wa maji. Mtoto akitaka kufundishwa kuogelea, alitumwa kwake. Samaki akinukia vibaya sokoni, aliitwa anuse. Shule ilipopanga kuwapeleka wanafunzi Bukoba wakapande meli, wazazi walijazana dukani kuuliza dawa ya kichefuchefu cha ziwani, naye akawajibu kwa utulivu wa nahodha, "Tangawizi. Na asikae mbele." Mtu huyo, wasomaji wangu, alikuwa hajawahi kupanda hata kivuko. Bahari hakuiona hadi anaingia kaburini. Kuogelea hakujua kabisa, na maji mengi kuliko yote aliyopata kuingia yalikuwa ya beseni, tena la bei ya jumla.

Nilimuuliza siku moja, tumekaa kwenye baraza ya duka lake tukitafuna kahawa kavu, kwa nini hawaambii watu ukweli. Akanisogezea kisahani cha kahawa. "Nikiwaambia watasikitika," alisema. "Na mimi pia, bwana. Wakisema hivyo ninajisikia vizuri." Sikuendelea kumchokoza. Mtu anayeshinda nyuma ya meza akipimia wenzake misumari, acha awe nahodha kidogo.

Mambo yangebaki hivyo kama yule mhandisi wa kigeni aliyekuwa akisimamia barabara asingemaliza mkataba wake na kuuza vyombo vya nyumbani. Mswahili alinunua mzigo mzima kwa pamoja, kama kawaida yake: friji, viti, vitanda, na kitu kirefu cha plastiki ya njano ambacho hakuna aliyekijua. Kilikuwa na urefu wa watu wawili waliolala, kimebonyea katikati mahali pa kukalia, kina vishikio vya kusimikia fimbo za ndoano, na kafi lenye bapa huku na huku. Wenyewe huita kayaki, na hii ilikuwa ya kuvulia. Aliiweka mbele ya duka juu ya makreti. Mteja wa kwanza kuitamani alikuwa mkulima mmoja wa Kituntu, Mkatoliki mwenye kibanja kizuri sana cha ndizi, ambaye aliizunguka mara kadhaa akiipapasa. Mnajua sisi tunavyokamua ndizi za rubisi kwa kuzikanyaga ndani ya gogo lililochongwa kama mtumbwi. Yule bwana aliona amepata gogo la kisasa, lisilooza, rahisi kuosha.

"Uniuzie hili, Mswahili. Gogo la baba limepasuka."

"Chombo changu kikanyagiwe pombe? Astaghfirullah. Hiki ni cha safari."

"Safari ya wapi, waitu? Hebu ona, kina matundu chini."

Kweli kulikuwa na matundu, yametoboka kutoka mahali pa kukalia hadi chini kabisa. Mkulima akapoteza hamu akaondoka. Lakini watu waliokuwa wamesimama pale walikuwa wamesikia neno safari, na mji wetu hauhitaji zaidi ya hapo. Kufikia adhuhuri ilikuwa inajulikana hadi stendi kwamba Mswahili ameagiza chombo cha kwao na anakwenda kuvua Kagera.

Mtu mwingine angekanusha. Yeye alimwita fundi baiskeli aje azibe matundu. Hapa nawaomba mumwelewe, maana kosa lile lisingefanywa na mtu ambaye hakutumia maisha yake kuuza ndoo. Kwake yeye tundu chini ya chombo ni hasara, ni mteja kurudi kugombana. Fundi akakata vipande vya ndara, akavipaka gundi, akaziba kila tundu barabara, nasi sote tukasifu kazi. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mtengenezaji atoboe matundu yenye umbo zuri namna ile, tena kwa mpangilio.

Wanaoujua mto Kagera pale unapopita upande wa Kyerwa hawahitaji maelezo yangu. Kwa wengine niseme tu kwamba ni mto mkubwa, wa rangi ya chai ya maziwa, wenye mafunjo kingo zote, na unakwenda kama mtu aliyeitwa haraka. Katikati ya maji ndipo mpaka ulipo. Ukichukuliwa na mkondo ukatupwa ng'ambo, umeingia nchi ya watu. Mwalo tuliokwenda ni mdogo, uko chini kabisa ukishapita Isingiro, na wavuvi wake hutumia mitumbwi ya magogo. Mswahili aliwasili na kayaki juu ya gari la mizigo, kofia nyeupe kichwani, akawasalimu wavuvi kwa kuinua mkono. Akaingia majini. Nanga yake, begi la misumari mibovu, alikuwa ameifunga kamba ubavuni, kulia kwake, ili aifikie kwa urahisi kama anavyozipanga bidhaa zake. Alipofika kwenye maji yanayokwenda kasi akaitupa.

Ilikuwa kama kumshika mkono mtu anayekimbia. Kayaki iligeuka ubavu ukautazama mkondo, maji yakaanza kupanda juu yake, na kwa kuwa matundu ya kuyatolea tulikuwa tumeyaziba kwa ndara na kushangilia, yakakaa humohumo. Ikawa nzito, ikainama, ikapinduka. Kofia nyeupe ikaenda zake. Namshukuru Mungu mhandisi alikuwa ameuza na jaketi la kuokolea, na Mswahili alikuwa amelivaa, si kwa tahadhari bali kwa sababu rangi yake ililingana na chombo. Mto ukambeba, ukamtema kwenye mafunjo ya ng'ambo. Wavuvi wa nchi jirani walimtoa, wakampa chai, wakamrudisha kwa mtumbwi wao akiwa ameloa chapachapa na ameshika ndara moja. Wakauliza kwa adabu kama tuna wengine wa namna hiyo.

Tulicheka. Aliyekuwa hacheki ni mwenyekiti wa mwalo. Huyu ni mtu mkubwa wa mwili, mwenye sauti ya kuvuka mto, na msimu wa mvua uliotangulia Kagera ulikuwa umemchukua mdogo wake. Nyavu zilinasa kwenye gogo, kijana akazing'ang'ania asizipoteze, mtumbwi ukapinduka naye hakuibuka. Mwenyekiti alitusubiri tumalize kucheka, kisha akasema polepole, "Mzee, shikamoo. Mimi nimechoka kuzika watu wa maji. Hiki kitu chako hakitaingia tena hapa. Ukitaka kirudi, upande nacho mwenyewe mpaka kwenye miamba ya juu, pale panapovuma, uvue samaki, urudi hapa kwa nguvu zako, si kwa kubebwa na watu wa ng'ambo. Ukishindwa, kibaki dukani." Wavuvi wakaitikia kwamba ni haki. Miamba ile hata wao walikuwa wakiizunguka kwa miguu.

Kwa wiki nzima duka lilijaa watu wasionunua kitu. Waliomwita mtu wa maji sasa walimuuliza bei ya pasi ya kusafiria. Aliwajibu kwa mzaha, akapima misumari. Lakini jioni moja mapema nilimkuta amekaa peke yake nyuma ya meza, mlango nusu, na sauti yake haikuwa na mzaha hata kidogo. "Mwandishi, wamenivua," alisema. "Tangu nikiwa mtoto nimeitwa mtu wa maji. Najua ulikuwa uongo, lakini ulikuwa wangu. Sasa mimi ni nani? Muuza ndoo." Nikasema kuuza ndoo si aibu. "Si aibu," alinijibu. "Lakini nilikaa juu ya ule mto dakika chache tu, na sijawahi kuwa na furaha vile tangu mama watoto afariki. Hata nilipokuwa nazama. Nataka kurudi. Nataka wale watu wa mwalo waniite mvuvi, na nataka iwe kweli."

Basi akaanza moja. Alikwenda Kituntu, kwa yuleyule mkulima aliyetaka kukanyagia ndizi, kwa sababu ana lambo la kunyweshea ng'ombe ambalo maji yake hayaendi popote. Akamwomba amruhusu ajifunze kuogelea humo. Mkulima alikubali kwa sharti moja, kwamba naye aruhusiwe kutazama. Alileta kiti kabisa. Mzee mzima, mwenye wajukuu, akipiga miguu kwenye lambo huku ng'ombe wakimshangaa, na mwenye shamba kwenye kiti akitoa maelekezo ingawa na yeye hajui kuogelea. Nilikwenda kuona mara moja, nikacheka hadi mbavu zikauma. Alipotoka majini alikuwa anatetemeka, akaniambia, "Cheka leo." Nilipokwenda tena alivuka lambo lile kutoka ukingo hadi ukingo bila jaketi, na mkulima akasimama kwenye kiti akapiga makofi.

Kisha akang'oa ndara zote kwenye matundu. Akaikalia kayaki lamboni, akaimwagia maji kwa beseni, akaona yanavyotoka yenyewe, akajipiga kofi la paji la uso. Nanga akaihamishia mkiani, ili chombo kikisimamishwa kikae sambamba na mkondo, na kamba yake akaipitisha mahali anapoweza kuifikia kwa kisu. Kisu kikafungwa kifuani kwenye jaketi. Kisha ukabaki mto wenyewe, na hapo ndipo alipofanya jambo ambalo hadi leo nikilifikiria ninatingisha kichwa. Alikwenda kwenye mashine ya kukoboa kahawa akaomba makapi, magunia kwa magunia. Akayapeleka ukingoni mwa Kagera, mbali na mwalo, akawa anayatupa majini kwa konzi na kutazama. Makapi ya kahawa ni mepesi na yanaonekana. Yalimwonyesha kitu ambacho sisi tunaoutazama mto kama kitu kimoja kinachokwenda upande mmoja hatukioni: kwamba nyuma ya kila jiwe, kila ncha ya mafunjo, kila kona, kuna maji yanayopumzika, na mengine yanarudi kabisa kule yalikotoka. Akayaita mabaraza. "Mto wote una mabaraza," aliniambia akiwa amejaa makapi hadi kwenye nyusi. "Kazi ni kutoka baraza hili kwenda lile bila kukaa barabarani." Nikamwambia wavuvi watamwona kichaa. Akasema wameshamwona, sasa hana cha kupoteza, aendelee tu.

Siku ya mtihani tulikuwa wengi mwaloni, na wengi walikuja kucheka. Mkulima wa Kituntu alikuja na kiti chake. Mswahili hakuinua mkono safari hii. Alimwamkia kila mtu kwa kumfuata alipo, akafunga jaketi, akagusa kisu, akaingia. Mimi na mwenyekiti tulimfuata kwa njia ya ukingoni, na kwa mwendo ule tulikuwa tukitembea taratibu kuliko mke wangu akienda kanisani. Hakugombana na mto. Alibana kandokando ya mafunjo, akajisogeza ndani ya maji yaliyotulia, akakaa, akapumua, akaangalia mbele. Kisha akapiga kafi kwa nguvu mara chache kulipita jiwe, akajitupa nyuma yake, akakaa tena. Mwenyekiti alianza akinung'unika. Baadaye nikamsikia anasema peke yake, "Pumzika hapo. Ndiyo. Sasa."

Sehemu mbaya ilikuwa chini ya miamba, ambako upande wetu mafunjo yanaisha na ni lazima uuingie mkondo mkubwa wazi ili ufike kwenye maji ya nyuma ya mwamba wa katikati. Mtu asiyejua angeielekeza pua kule anakokwenda na kujikuta ng'ambo anakunywa chai. Yeye aliielekeza pua juu, mshazari kidogo tu, akapiga kafi kana kwamba anapanda mto moja kwa moja. Na kayaki ikateleza pembeni, polepole, bila kushuka hata kidogo, mpaka ikaingia nyuma ya mwamba. Mwenyekiti alinishika mkono bila kujua. Mzee akashusha nanga mkiani, akaupa mkondo kisogo, akatunga kwenye ndoano kipande cha sabuni ya mche kutoka dukani kwake, maana kambale wanaipenda sabuni kuliko sisi, akaketi kusubiri.

Kambale akaja. Fimbo iliinama hadi ncha ikagusa maji. Pale mwaloni wakapiga kelele za furaha, na sisi tukawa tunaruka kama watoto, na hapo ndipo mwenyekiti alipoona. Juu, kwenye kona, lilikuwa linakuja pande la mafunjo lililong'oka, kubwa kama uwanja wa nyumba, linashuka na mto moja kwa moja kwenye mwamba. Akapaza sauti yake ile. Mzee akageuka akaliona. Nanga ilikuwa imeshanasa kwenye mawe; aliivuta mara moja, haikuja. Fimbo mkono mmoja, kamba mkono mwingine. Nilimtazama mwenyekiti, alikuwa amefumba macho. Nilijua anamwona nani.

Mswahili akakata kamba. Hakusita, kisu kilipita mara moja tu, nanga ikabaki chini na kayaki ikachomoka kama mbegu ya tikiti. Mafunjo yakagonga mwamba nyuma yake kwa kishindo, yakapasuka. Na yeye akawa anashuka na mkondo, fimbo ameisimika kwenye kishikio, samaki anamfuata, mbio kuliko tulivyoweza kukimbia. "Amekwisha," mtu mmoja alisema, "ng'ambo tena." Akaupita mwalo mbele ya macho ya wote. Sauti ya wale waliokuja kucheka ikaanza kupanda. Lakini hakuwa anahangaika. Alikuwa ameketi wima, pua imenyooka, anahesabu mabaraza yake. Chini ya mwalo, kwenye kona ambayo wavuvi wenyewe huiogopa, alichoma kafi upande mmoja, akaegemea, na kayaki ikazunguka papo hapo, pua ikatazama juu, ikasimama. Ikasimama kabisa, wasomaji wangu, mto ukiwa unapita mbio hatua chache kutoka kwake. Halafu akaanza kupanda taratibu kurudi kwetu, baraza kwa baraza, akimburuta kambale.

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti aliingia majini na viatu vyake, akaishika pua ya kayaki, akaivuta hadi mchangani. Kambale alikuwa mkubwa wa kutosha. Lakini mwenyekiti hakumtazama samaki.

"Mzee, nanga yako iko wapi?"

"Nimeuachia mto."

"Ungepoteza na samaki?"

"Ningepoteza na samaki, na kayaki pia. Kitu kinanunuliwa, mwanangu. Mimi mwenyewe ninaviuza."

Mwenyekiti akabaki ameshika pua ya chombo kile cha njano, maji yakiwa magotini, akalia waziwazi mbele ya wavuvi wake wote. Kila mmoja pale alijua analilia nini. Mswahili akashuka, akasimama naye majini, akamwekea mkono mgongoni mpaka alipomaliza. Kisha mwenyekiti akaosha uso kwa maji ya Kagera, akamnyakua kambale na kutangaza apikwe. Mwalo ule una desturi yake: samaki wa kwanza wa mvuvi mpya hupikwa palepale na ndizi, wanakula wote isipokuwa aliyemvua. Mzee alikaa na sahani tupu, akatutazama tukila, na sijapata kumwona mtu ameshiba namna ile.

Baada ya hapo mengi yalibadilika, nami nayasema kwa sababu tunapenda kudhani mabadiliko huletwa na semina. Wavuvi wa mwalo ule walikuwa wanaona jaketi la kuokolea ni vazi la waoga na wageni. Sasa mtu akienda majini bila jaketi na kisu cha kukatia kamba, mwenyekiti anamrudisha. Majaketi hayo, bila shaka, waliyanunua kwa Mswahili, na hakuwapunguzia sana. Vijana wa Kamuli wamenunua kayaki zao wawili wawili, wanavua kahawa ikiwa haijaiva. Wanajifunza mto kwa makapi, na wanayaita mabaraza bila kujua neno lilitoka kwenye baraza ya mbele ya duka Kayanga. Yeye mwenyewe alivua hadi miezi michache kabla ya kifo, na alikuwa na majivuno yasiyovumilika. Kila samaki aliongezeka urefu njiani kutoka Kyerwa hadi Kayanga. Nami nilimwambia hivyo, na alifurahi.

Nilifika mazikoni kabla ya alasiri. Uani kulikuwa kumejaa wafanyabiashara, majirani wa dini zote, na mkulima wa Kituntu aliyekuwa ameketi chini kama wengine. Mjomba wa familia akasimama kusoma wasifu: marehemu alizaliwa hapa, akaoa, akajaliwa watoto, na katika uhai wake alikuwa mfanyabiashara. Wakati huo gari la mizigo lilikuwa limeingia, na watu wa mwalo walikuwa wakishuka, wengi wao, wametoka moja kwa moja mtoni na matope miguuni. Mwenyekiti alisikia neno lile la mwisho akiwa bado getini. Akavua kofia, akaomba radhi kwa wafiwa, na kwa sauti ile yake, ingawa alijitahidi kuishusha, akasema, "Naomba parekebishwe. Sisi ndio wenye mwalo, sisi ndio tunaojua. Marehemu alikuwa mvuvi." Mjomba akaitazama karatasi, akawatazama watoto wa marehemu. Mtoto mkubwa akaitikia kwa kichwa huku machozi yakimtoka, anacheka. Mjomba akasoma upya, mbele ya mji wote, mbele ya wote waliokuwa wamemuuliza bei ya pasi: alikuwa mvuvi. Wavuvi ndio walioomba kulibeba jeneza mwanzo, na wakapewa.

Nimerudi nyumbani nikiwa na furaha kubwa kuliko huzuni, na siombi radhi kwa hilo. Sisi watu wa huku tunapenda kubandikana majina. Huyu katoka pwani, basi anajua maji. Yule mwana wa fulani, basi ana kichwa cha shule. Mwingine ukoo wake ni wa wavivu, usimpe jembe. Tunafanya hivyo kwa kutaniana na hatufikirii mtu anabaki na nini akienda kulala. Wengi hulikubali jina na kukaa nalo hivyohivyo, liwe la sifa au la kejeli, bila kulifanyia kazi. Basi nawaambia nilichokiona mimi. Wakikupa jina baya, litupe. Wakikupa zuri usilostahili, na moyo wako ukalipenda, usilikane na usijivunie bure. Nenda kwenye lambo, mbele ya ng'ombe na mbele ya wanaocheka, ukalitafute hadi liwe lako. Mzee yule tulimwita mtu wa maji kwa makosa karibu maisha yake yote. Jana tumemzika, na hapakuwa na kosa.